Nyumba ya Mawe Haikarabatiwi kwa Kukombwa Ndani

Tangu Mji Mkongwe wa Unguja ulipotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu ikafuata mwaka 2001, nyumba za mawe ambazo zamani warithi waliziona kuwa mzigo zimegeuka bidhaa yenye wateja. Na wenye mali, wa hapa na wa ng'ambo, huzinunua zikikaribia kuwa magofu, wakazikarabati, kisha wakazikodisha kwa wageni au wakaziuza kwa bei maradufu. Biashara hiyo ni halali, nami siipingi, maana nyumba isiyokaliwa wala kutiwa mkono huanguka yenyewe masika yakikithiri. Ninalolipinga ni desturi ya kuikomba nyumba ndani, zikasazwa kuta za nje na mlango wa nakshi, kisha kati ikajazwa zege.

Mnunuzi aghalabu huingia akakuta vyumba virefu, vyembamba, vyenye kiza, akadhani waashi wa kale walipungukiwa na maarifa. La hasha! Upana wa chumba ulikadiriwa kwa boriti, na boriti ya mkoko ya kutegemewa haizidi mita 3 hivi. Kwa hiyo ukuta wa ndani, hata ule uonekanao hauna kazi, aghalabu umebeba vichwa vya boriti na pengine ukuta mwingine wa ghorofa ya juu. Auvunjaye ili apate ukumbi mpana ameidhulumu nyumba nzima. Jumba la Beit al-Ajaib la Mji Mkongwe wa Unguja, alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 hali kazi ya ukarabati inaendelea, na roho za watu zikapotea; ikiwa jengo la serikali lenye wahandisi lilifikwa na msiba huo, nyumba ya uchochoroni iliyo mikononi mwa msimamizi mwenye haraka ina dhamana gani?

Saruji nayo ina taksiri yake. Ukuta wa matumbawe, wenye unene wa nusu mita na zaidi, hunyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini, na chokaa huuachia unyevu huo utoke. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu mpaka ikavimba na kubanduka, na nondo zilizochomekwa hushika kutu na kuipasua zege. Hayo hayadhihiri siku ya mauzo. Aliyeuza huwa amekwisha kuondoka na faida yake, na hasara humwangukia aliyenunua kwa nia njema.

Chokaa haitaki pupa: hupikwa, huzimwa kwa maji, huachwa ikaiva, kisha hupakwa tabaka nyembamba, kila moja ikingojewa ishike. Ndiyo maana mwenye kutafuta faida ya upesi huikimbia. Basi Mamlaka ya Mji Mkongwe na wakuu wa Lamu wasiidhinishe ramani yoyote kwa uzuri wa sura ya nje tu; wakague kila ukuta wa ndani unaokusudiwa kuvunjwa, na ujira wa fundi wa chokaa uandikwe katika hesabu ya ujenzi kabla jiwe la kwanza halijang'olewa.