Rangi na Mwanga Dhidi ya Vijidudu Sugu

Maji machafu yatokayo hospitalini, kambini na majumbani hubeba bakteria wa kila namna. Baadhi yao wamekwisha kuzizoea dawa zilizokuwa zikiwaua. Hao ndio bakteria sugu. Humo majini huwarithisha wenzao usugu wao, hata aliyekuwa dhaifu jana akawa mkaidi leo. Mwaka 2019 peke yake, usugu huo uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Miongoni mwa njia zinazochunguzwa na wataalamu ni kuwaua bakteria hao kwa rangi na mwanga. Asili yake ni mjini Munich, Ujerumani. Huko mwanafunzi wa udaktari, Oscar Raab, chini ya Profesa Hermann von Tappeiner, alitia rangi ya akridini katika maji yenye viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Penye mwanga vilikufa upesi. Gizani viliishi muda mrefu zaidi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1900.

Siri yenyewe ni hii. Rangi hupokea nguvu ya mwanga na kuipa oksijeni iliyomo majini. Oksijeni hiyo huwa kali kwa kitambo kidogo mno, ikauharibu utando wa bakteria na vitu vya ndani yake. Dawa nyingi za kawaida hulenga mahali pamoja, na bakteria akipageuza mahali hapo huokoka. Oksijeni kali hushambulia pande nyingi kwa mara moja. Kwa hiyo ni vigumu kuizoea.

Hata hivyo, njia hii bado haijaenea. Maji yenye tope huzuia mwanga, hivyo hayana budi kuchujwa kwanza. Tena rangi haifai kuachwa iende mtoni. Ndiyo maana watafiti huishikiza kwenye chembe ziwezazo kuondolewa majini. Si kazi ya kujaribiwa nyumbani.

Lakini ulinzi huanzia nyumbani. Askari aliyeandikiwa dawa za kuua bakteria azimeze kama alivyoagizwa na daktari. Mama asimgawie jirani zilizobaki, wala asizitupe chooni. Azipeleke zahanati au duka la dawa, aulize zitupweje. Kidonge kinachotumiwa ovyo humzoeza adui silaha iliyokusudiwa kumwangamiza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.