Poti Kumi, Barabara Moja: Acheni Kuuziwa Mbuzi kwa Gunia

Wasee, wacha tuongee ukweli kuhusu hizi kadi za kuongeza hadi diski. Ile kadi mnauziwa ati "poti kumi, SATA 3, megabaiti 600 kwa sekunde, inaingia kwa kompyuta yoyote ya zamani" ni mbuzi kwa gunia. Sisemi haifanyi kazi. Inafanya. Lakini kasi iliyoandikwa kwa boksi haitawahi kufika kwa mashine yako, na anayekuuzia ama hajui, ama anajua na amenyamaza.

Mimi chuo sikumaliza, lakini kugawanya najua. Twende pole pole.

Kadi unaichomeka kwa sloti, na sloti ndiyo barabara. Kila faili linalotoka kwa diski lazima lipitie hapo. Sloti ya PCI, ile ya kizamani kabisa, inapitisha megabaiti 133 kwa sekunde, na kadi zote za PCI kwa hiyo bodi zinagawana hizo hizo. Sloti fupi ya PCIe, yenye leni moja, inapitisha 250 kama ni kizazi cha kwanza, 500 kama ni cha pili, karibu 985 kama ni cha tatu. Basi. Boksi iandike 600, iandike 6000, maji hayawezi kuzidi upana wa bomba.

Sasa cheki ujanja wa poti kumi. Kuna kadi inauzwa sana ambayo ina chipu moja ya ASM1061. Hiyo chipu ina poti mbili tu za ukweli, na inatumia leni moja ya kizazi cha pili. Kando yake wameweka chipu mbili za JMB575, ambazo kazi yao ni kupasua poti moja iwe tano. Mbili mara tano, kumi! Haya, chukua 500 ugawe kwa 10. Diski zote zikifanya kazi pamoja, kila moja inabaki na 50. Na hadi diski ya kawaida ya siku hizi inasukuma 150 na zaidi ikiwa peke yake. Ni kama kufungua steji kumi za matatu kwa barabara ya leni moja, halafu unashangaa jam imetoka wapi.

Najua kuna msee atasema, "Mimi sitaki kasi, nataka nafasi ya kuweka vitu." Sawa. Lakini diski tano zikining'inia kwa poti moja iliyopasuliwa, diski moja ikianza kuharibika inaweza kuzikwamisha zingine nne nayo. Hapo hatuongei tena juu ya kungoja. Tunaongea juu ya video za harusi ulizolipwa kupiga, picha za marehemu nyanya yako, projekti ya mwaka mzima. Hiyo ndiyo bei haijaandikwa kwa boksi.

Na kuna uongo mwingine unaniudhi kuliko huo: ati kompyuta ya zamani ukiiwekea SSD lazima ununue na kadi ya SATA 3, juu bodi yake ni SATA 2. Nani aliwaambia? Chukua bodi za enzi za Core 2 Duo. Poti zake za SATA 2 zinafika 300. Sloti zake fupi za PCIe, nyingi ni kizazi cha kwanza, yaani 250. Kwa hivyo unalipa doo, unafungua mashine, unachomeka kadi "mpya ya kasi", na SSD yako inakuwa *polepole* kuliko ungeichomeka moja kwa moja kwa bodi. Umelipa ili urudi nyuma! Isitoshe, raha ya SSD kwa mashine mzee sio hiyo namba kubwa. Ni kwamba haina sahani inayozunguka, kwa hivyo faili ndogo ndogo zinapatikana papo hapo. Hiyo raha unaipata hata kwa SATA 2, bila kadi.

Kwa hivyo swali la kwanza sio "kadi gani?" Ni "poti za bodi zimejaa?" Kama hazijajaa, weka pesa yako mfukoni.

Kama zimejaa kweli, fungua mashine uangalie sloti iliyobaki wazi, halafu ununue chipu, sio boksi. Unataka diski mbili na una sloti fupi? Hiyo ASM1061 ikiwa peke yake, bila vipasuaji, inatosha. Unataka tano au sita? Tafuta JMB585 ama ASM1166, lakini hizo zinataka leni mbili za kizazi cha tatu ndio zipumue, na kadi zake nyingi haziingii kwa sloti fupi. Tumia ile ndefu ya kadi ya picha kama iko wazi. Unataka nane? Kuna kadi za mtumba zilizotolewa kwa seva, kama LSI 9211-8i, yenye leni nane. Itafute ikiwa na programu ya IT, ile inayoacha kila diski ijitegemee, na uiwekee feni, juu inachemka.

Na kama unataka kubuti kutoka kwa hiyo kadi, uliza kwanza kama ina ROM yake. Bila hiyo, BIOS ya zamani haitaiona diski yako mpaka Windows iwake, na Windows ndiyo iko ndani ya hiyo diski.

Fundi akikuuzia RAID kama bakapu, kataa. RAID sio bakapu. Ukifuta faili, limefutika kwa diski zote. Na kadi ya RAID ikikufa, huenda diski zako zisisomeke mpaka upate kadi ingine kama hiyo.

Kwa wauzaji nina ombi moja: andikeni jina la chipu na idadi ya leni. Ni maneno mawili tu. Na wewe mnunuzi, uliza hilo swali kabla ya kuuliza bei. Akikuambia "hiyo ni sawa tu, bro," msalimie vizuri na uende duka lingine.