Usimuuzie mteja wati, muulize ana vyumba vingapi

Wadau mnaouza redio na spika mtandaoni, leo tuambizane ukweli. Sisi wenyewe ndio tunaowaponza wateja. Mtu anaingia inboksi: "Bosi, nataka redio ipige sebuleni, jikoni na barazani, bajeti yangu ndogo." Tunamjibu nini? "Hii hapa, wati 100 mara saba, mzigo wa Japani, inatetemesha ukuta!" Hatujamuuliza ana spika ngapi, wala zina omu ngapi.

Nasema hivi kwa sababu nimeshalipia. Mwaka jana nilimuuzia mama mmoja risiva ya mtumba kwa 380,000. Fundi wake akachukua spika za vyumba vinne, zote za omu 8, akazifunga pamoja kwenye matundu ya kulia na kushoto, basi. Spika moja ya omu 8 haina shida. Ukifunga mbili kwa sambamba zinakuwa omu 4, nne zinakuwa omu 2, na nyuma ya ile redio imeandikwa wazi isishuke chini ya 6. Ikawa inajizima. Kumbe inajilinda, lakini fundi kila ikizima anaiwasha na sauti anaongeza. Siku ya tatu ikatoa moshi. Mama akaniandikia, "Mwanangu, umeniuzia kitu kibovu." Ningeweza kubishana naye, ila ukweli nilikuwa sijamwambia lolote kuhusu omu. Nikarudisha hela yote, na faida yangu ya mwezi ikaenda hivyo.

Tangu hapo wati naziangalia mwisho. Nyingi za kwenye boksi zimepimwa chaneli moja tu ikipiga. Na zile PMPO za kwenye sabufa nisiziseme sana, geuza nyuma usome inakula wati ngapi za umeme.

Mteja wa vyumba viwili anatoshwa na risiva ya stereo yenye Spika A na B, mradi usome nyuma inataka omu ngapi A na B zikipiga pamoja. Vyumba vitatu mpaka vitano, wengi mnamkimbizia yenye Zone 2. Mimi kwa mteja wa bajeti ndogo siipendi. Mashine nyingi za zamani, Zone 2 yake inapokea zile waya nyekundu na nyeupe tu. Akiunga TV kwa HDMI, sebuleni kunapiga, jikoni kimya, halafu anakupigia wewe saa nne usiku.

Bora 5.1 ya zamani yenye modi ya kupiga muziki uleule kwenye chaneli zote. Yamaha wanaiandika 5ch Stereo, Denon Multi Ch Stereo, Onkyo All Ch Stereo. Kila spika inapata chaneli yake, kwa hiyo omu hazishuki. Mbili sebuleni, moja jikoni, moja chumbani, moja barazani. Ubaya wake sauti inapanda na kushuka nyumba nzima kwa pamoja. Unaweza kuipunguzia spika moja kwenye menyu, ila huwezi kuweka taarabu barazani na taarifa ya habari chumbani. Mwambie hilo kabla hajalipa.

Halafu umeme. Redio ya soko la Japani ni volti 100, ya Marekani 120, sisi hapa 230. Weka bei pamoja na transfoma ya kushushia umeme na waya za spika, hata kama posti yako itaonekana ghali kuliko ya jirani. Hiyo hela mteja ataitoa tu, bora aijue mapema.

Na mkienda kuchukua mzigo, ulizieni rimoti. Menyu ya kupanga spika mara nyingi huifikii bila rimoti. Mimi ninazo mbili hapa ndani tangu Machi, nzima kabisa, rimoti hazina, na kila anayeuliza anaishia hapo.