Mzigo wa Mshindi

Ndugu msomaji, utajapo mashindano ya magari mbele ya watu wa Afrika Mashariki, fikra zao huenda moja kwa moja kwenye Safari Rally: vumbi, matope, wanavijiji waliojipanga kando ya njia, na majina ya Joginder Singh na Shekhar Mehta, ambayo wazazi wetu waliyataja kama watajavyo wachezaji hodari wa kandanda. Katika mashindano yale, yaliyoanza mwaka 1953, dereva hupambana na njia na saa. Mpinzani wake humwona kwa nadra. Leo nakuomba tuongozane kutazama mbio za namna nyingine, ambazo ndani yake washindani hukimbia pamoja, bampa kwa bampa, mbele ya macho ya watazamaji. Yavumilie maelezo ya magari kwa kitambo kidogo. Mwishoni tutarejea nyumbani, jikoni na uani, mahali ambapo kurasa hizi zimezoea kukaa.

Mbio zenyewe ni za ubingwa wa Uingereza wa magari madogo ya kawaida, yale tuyaitayo saluni. Zilianzishwa mwaka 1958, na mvuto wake tangu hapo umekuwa huu: gari linaloshindana hufanana kwa sura na lile analoliendesha jirani yako kwenda kazini. Milango ni ile ile, boneti ni ile ile. Tofauti imo ndani. Viti vimeng'olewa kikabaki kimoja tu cha dereva. Mabomba ya chuma yameungwa yakawa fremu ya kumkinga gari likipinduka. Na injini imeongezewa nguvu maradufu.

Tuchukue mfano wa wikiendi moja, ile ya tarehe 29 na 30 Septemba 2018, uwanja wa Brands Hatch katika jimbo la Kent, kusini-mashariki ya London. Uwanja huu una bonde la asili mfano wa bakuli, hata mtu aketiye ukingoni kwenye majani huona sehemu kubwa ya njia pasipo kusimama. Familia huja na vikapu vya chakula, chupa za chai na makoti ya mvua. Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi, na baada ya mazoezi kila dereva alikimbizana na saa ili kutafuta nafasi ya kuanzia. Jumapili huwa na mbio tatu. Katikati ya mchana watazamaji hufunguliwa njia ya kupita mbele ya vibanda vya mafundi, na watoto huwaendea madereva kuomba saini. Kwenye kila kona wamesimama washika bendera, watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara: bendera ya manjano ikipepea, pana hatari mbele, nyekundu ikipepea, mbio zisimame.

Hadi hapo hakuna ajabu. Ajabu iko kwenye mizani.

Kwa kanuni za mwaka ule, dereva aliyeongoza katika msimamo wa ubingwa alifika uwanjani akatiwa garini uzito wa ziada wa kilo 75. Aliyemfuata alipewa pungufu kidogo, na hivyo hivyo kushuka hadi mtu wa kumi, aliyebeba kilo 9. Wa kumi na moja hakubeba kitu. Baada ya mbio ya kwanza ya Jumapili mizigo iligawanywa upya kufuatana na matokeo, na baada ya mbio ya pili iligawanywa tena. Kilo 75 ni uzito wa mtu mzima. Ni kama kumwambia bingwa: kimbia, lakini mchukue shemeji yako kiti cha nyuma.

Mtu asiyejua magari aweza kudhani kuwa uzito huo si kitu kwa chombo kilichopita tani moja. Lakini katika mbio ambazo ushindi hupimwa kwa sehemu za sekunde, huo ni mzigo kwelikweli. Gari zito huhitaji nafasi ndefu zaidi ya kufunga breki kabla ya kona. Likiingia kwenye kona huvutwa nje. Tairi zake hupata joto mapema na kuchakaa mapema, na dereva aliyeanza kwa kishindo hujikuta katika mizunguko ya mwisho akiteleza huku wepesi wakimpita. Isitoshe, katika mbio ya tatu hupigwa kura, na nafasi za mbele za kuanzia hupinduliwa: aliyeshinda mbio ya pili huanza nyuma ya watu kadhaa aliowashinda saa chache kabla.

Matokeo yake yalikuwaje? Katika msimu huo wa 2018, wenye mbio 30, madereva 17 mbalimbali walionja ushindi. Na taji lilichukuliwa na Colin Turkington wa Ireland ya Kaskazini, mwenye gari la BMW, ambaye kwa mwaka mzima alishinda mbio moja tu. Usidhani ni kosa la chapa, msomaji, ni moja. Mshindi wa mbio alipata pointi 20, wa pili 17, na wa kumi na tano alipata 1. Turkington alibeba mzigo wake, akamaliza wa tatu hapa, wa tano pale, akaepuka kugongana ovyo, akajaza kibaba chake punje kwa punje. Kule Brands Hatch kibaba kikajaa.

Wapo wanaoupinga utaratibu huu, nao wana hoja. Husema: kwa nini hodari aadhibiwe kwa uhodari wake? Akimbiaye kwa miguu hafungwi jiwe kiunoni ati kwa sababu jana alishinda. Husema pia kwamba utaratibu huo waweza kumfundisha mtu hila, akaona ni heri leo amalize wa kumi na moja ili kesho awe mwepesi. Waandaaji wenyewe hawakuacha kutafuta njia bora. Mwaka 2022 waliiacha mizigo, wakaleta mitambo ya umeme ya kusaidia injini, na anayeongoza akapewa muda mfupi zaidi wa kuitumia. Mitambo hiyo nayo iliondolewa baada ya msimu wa 2024. Zamani zaidi walitumia madaraja, kila gari likihesabiwa pointi miongoni mwa magari ya injini ya kadiri yake. Ndivyo John Love, mzaliwa wa Bulawayo katika Zimbabwe ya leo, alivyoweza kuwa bingwa mwaka 1962 kwa kigari kidogo cha Mini, ilhali njiani walikuwamo wenye Jaguar. Ndivyo pia Bill McGovern alivyotwaa taji miaka mitatu mfululizo, 1970 hadi 1972, kwa gari la Sunbeam Imp ambalo injini yake haikufika lita moja.

Sasa, msomaji, tufunge mlango wa uwanja, turudi nyumbani.

Katika nyumba nyingi yumo mtoto mmoja hodari. Aghalabu ni binti mkubwa. Ukimtuma maji huleta upesi. Na kwa kuwa ameleta upesi, hutumwa tena. Mchele akiuchagua vizuri, kazi ya kuchagua mchele huwa yake daima. Mdogo wake akilia, hutwikwa yeye mgongoni. Kaka yake naye alivunja sahani mbili siku ya kwanza alipoambiwa aoshe vyombo, na tangu siku hiyo husemwa, "Mwache, huyo hawezi." Hivyo asiyeweza hukaa kivulini na kitabu chake, na awezaye hufungua daftari lake saa nne ya usiku, macho yakiwa mazito, kuni zikiwa zimemchuna viganja. Siku ya matokeo ya mtihani wote wawili husomewa namba zao kwa sauti ile ile, na baba huuliza, "Mbona kaka yako amekupita?"

Hapo ndipo ninapoziona mbio za Waingereza kuwa na la kutuambia. Nasi pia twambebesha mshindi mzigo. Tofauti ni jinsi tunavyombebesha.

Kwanza, mzigo wa Brands Hatch ulipimwa hadharani. Kila mtu uwanjani alijua nani amebeba kilo 75 na nani amebeba 9, na aliyebeba nyingi akimaliza wa tano, watu walimpigia makofi kama aliyeshinda, maana walijua alichokichukua. Je, katika nyumba yako nani amewahi kuuweka mizani mzigo wa binti yule? Keti jioni moja, uandike kwenye karatasi kazi zote zifanyikazo kuanzia alfajiri hadi kulala, na mbele ya kila kazi uandike jina. Wazazi wengi wataishangaa karatasi hiyo.

Pili, mzigo ule ulishuka. Mbio zilipoisha, uligawanywa upya, na aliyekuwa mwepesi saa nne asubuhi aliweza kuwa mzito alasiri. Wa nyumbani haushuki. Ukishamkaa mtoto kichwani akiwa na miaka 9, hukua naye, huolewa naye, na huhamia naye kwa mumewe.

Tatu, dereva alibeba uzito, lakini pointi zake hazikunyang'anywa. Alizozipata zilikuwa zake, ziliandikwa. Mtoto wetu hodari hupewa uzito, na pointi akakosa. Kazi yake huitwa wajibu. Siku kaka yake akifagia uwanja mara moja kwa mwezi, hupewa sifa na soda.

Huenda ukaniambia: mwandishi, maneno ni rahisi, nitajuaje kipimo cha haki katika nyumba yenye watoto sita wa umri na nguvu mbalimbali? Jibu nalitoa katika kisa cha mwaka ule wa kwanza kabisa, 1958. Msimu ulipokwisha, madereva wawili, Jack Sears na Tommy Sopwith, walikuwa wamelingana pointi. Ilipendekezwa kwamba bingwa apatikane kwa kurusha sarafu. Wao wenyewe hawakuupenda uamuzi wa bahati. Yakaletwa magari mawili ya Riley ya aina moja, na uwanjani Brands Hatch, katika mvua, wakashindana mizunguko mitano. Kisha wakashuka, wakabadilishana magari, wakashindana mitano mingine, ili asiwepo wa kusema kwamba mwenzake alipewa lililo bora. Jumla ya muda ilipohesabiwa, Sears alikuwa mbele kwa sekunde 1.6. Naye Sopwith hakuwa na la kulalamikia, kwa kuwa usukani alioushika mpinzani wake alikuwa ameushika yeye pia.

Basi na ndugu wabadilishane magari. Kwa juma moja, kaka aamke saa kumi na moja alfajiri achote maji na kuwaandaa wadogo kwenda shule, na dada aketi kivulini na kitabu. Sahani zikivunjika, na zivunjike, sahani hununuliwa. Juma la pili warudi walikotoka, kisha wote waketishwe na kuulizwa, kila mmoja, ni kazi gani ilimlemea na ni ipi anadhani yafaa igawanywe. Utasikia mambo ambayo hukuyasikia kwa miaka. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walisema kweli, kwa kuwa huo mzigo wa mwenzio hujaubeba.

Tena zoezi hili lisiishie kwa watoto. Baba aliyezoea kurudi na kukuta maji ya kuoga yamekwisha tengwa, na ajaribu Jumamosi moja kukaa kwenye usukani wa mama: soko, jiko, mtoto mwenye homa, mgeni asiyetarajiwa, na hesabu ya fedha isiyofika mwisho wa mwezi. Na mama ajaribu kuhesabu pamoja naye deni la ada za shule na nauli za kila siku. Sidhani watatoka hapo wakiwa na hamu ya kushindana.

Mitihani ya mwisho wa mwaka haiko mbali, msomaji. Kabla haijafika, iandike ile karatasi ya kazi na majina. Ukiona jina moja limejirudia kuliko mengine yote, mwite mwenye jina hilo, umtue walau ndoo mbili na mtoto mmoja, umwachie saa mbili za mchana akiwa na daftari lake. Ataendelea kuwa hodari. Tofauti ni kwamba safari hii utakuwa umempima kwa haki.