Nyumba ya kuuza ipakwe rangi ya mnunuzi

Anayejenga nyumba ili aishi ana haki ya kuipaka rangi yoyote inayomfurahisha, iwe zambarau, chungwa, nyekundu ya Simba au kijani na njano ya Yanga. Lakini siku anapoamua kuiuza, pendo lake hilo linageuka gharama. Kuanzia siku hiyo ukuta wa nje una kazi moja tu, nayo ni kumsaidia mtu asiyemfahamu aione nyumba ilivyo na ajione akiishi ndani yake. Ndiyo maana ninashikilia kwamba nyumba ya kuuza ipakwe rangi nyepesi na tulivu, kama nyeupe ya maziwa, krimu, rangi ya mchanga au kijivu hafifu, na ipakwe baada ya kasoro za ukuta kurekebishwa, si ili kuzifunika.

Tutazame kwanza namna watu wanavyonunua. Mnunuzi wa leo huiona nyumba kwenye simu kabla ya kuiona kwa macho. Dalali humtumia picha chache kwa WhatsApp, naye huamua papo hapo ipi aende kuitazama na ipi aiache. Ukuta wenye rangi kali humfanya apige hesabu mapema: fundi, msasa, praima, ndoo za rangi. Anayejua kazi hii anajua pia kwamba kufunika rangi nzito kwa nyepesi hakuishii kwenye mikono miwili ya kawaida. Hesabu hiyo yote ataitoa kwenye bei atakayotaja, na mara nyingi atatoa zaidi ya gharama halisi, kwa kuwa usumbufu nao una bei. Rangi tulivu pengine haitamsisimua mtu, lakini haimfukuzi mtu. Muuzaji anahitaji mnunuzi mmoja tu, na kadiri watu wengi wanavyofika kuitazama nyumba, ndivyo huyo mmoja anavyopatikana kwa haraka na kwa bei nzuri.

Ushahidi wa takwimu upo, ingawa ni wa mbali. Mwaka 2018 kampuni ya Zillow ya Marekani ilichambua picha za nyumba zilizokwisha kuuzwa na kulinganisha rangi zake na bei. Zile zenye mlango wa mbele mweusi au wa kijivu cha mkaa ziliuzwa kwa takriban dola 6,271 zaidi ya bei iliyotarajiwa, na zile za kuta za njano ziliuzwa kwa bei pungufu. Msomaji makini atasema, tena kwa haki, kwamba Marekani si Dar es Salaam, na kwamba huenda anayechagua mlango wa namna hiyo ndiye pia anayeitunza nyumba yake vizuri. Nakubali, na sidai dola zile zitahamia Tegeta au Mbezi. Ninachochukua hapo ni mwelekeo wake: kuta ziwe tulivu, na kama muuzaji anataka kuonyesha ladha, aionyeshe mahali padogo kama mlangoni au getini, ambapo mnunuzi anaweza kubadilisha kwa kopo moja la rangi.

Sisi tuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi, nayo ni jua. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, wakati rangi nzito huunyonya na kuugeuza joto. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za saruji, hazina kizuizi cha joto ndani ya ukuta, kwa hiyo kinachoupata ukuta nje hufika chumbani. Watu wa mwambao walilijua hili zamani, na kuta za mawe zilizopigwa chokaa katika Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni ushahidi wake. Mnunuzi anayekuja kutazama nyumba saa nane mchana, mwezi wa Februari, Tanga au Mombasa, hahitaji kuelezwa. Akiingia na kukuta vyumba vina nafuu, atafikiria mara moja bili ya umeme.

Wapo wanaosema nyeupe huchafuka, na mahali penye vumbi au udongo mwekundu wana hoja. Jawabu linajulikana na mafundi: nusu mita ya chini ya ukuta, pale matone ya mvua yanaporushia tope, ipakwe kahawia au kijivu kizito kinachofutika, na juu yake ije rangi nyepesi. Kisha paa nalo litazamwe. Hakuna anayebadilisha bati ili auze nyumba, kwa hiyo ukuta ndio unaolifuata paa. Bati la maruni hukubaliana na krimu, na bati la kijivu hukubaliana na nyeupe. Bati la bluu juu ya ukuta wa chungwa huifanya nyumba ya familia ionekane kama duka la kando ya barabara, lile lililopakwa na kampuni ya simu ili kutangaza biashara.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba rangi ni udanganyifu, na kwamba kinachouza nyumba ni hati, maji, barabara na mtaa. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ni onyo la kweli. Rangi mpya inaweza kufunika ufa wa msingi, unyevu unaopanda kutoka ardhini, chumvi inayomenyua plasta, hata alama nyekundu ya X iliyochorwa kwenye nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara. Walioshuhudia bomoabomoa ya mwaka 2017 kando ya Barabara ya Morogoro, Kimara na kuendelea, wanajua alama hiyo ina uzito gani. Anayeifunika kwa rangi ili auze anamwibia mwenzake, na hakuna ushauri wa rangi unaoweza kuhalalisha jambo hilo. Ila rangi nyepesi ni shahidi mgumu kumhonga: ufa ukirudi, unyevu ukipenya, doa huonekana juu yake mapema kuliko juu ya rangi nzito. Na kuhusu nusu ya pili, ni kweli rangi haiwezi kuziba pengo la hati. Lakini kati ya nyumba mbili za mtaa mmoja, zote zina hati na zote zina maji, mnunuzi atachagua kwa anachokiona.

Basi fedha ya muuzaji ifuate mpangilio: kwanza aondoe chanzo cha unyevu na kuziba nyufa, aiache plasta mpya ikauke kiasi cha wiki nne, kisha ndipo apake rangi bora ya nje, angalau mikono miwili. Kama fedha haitoshi kwa yote, apunguze urembo na asipunguze matengenezo. Madalali nao wana wajibu wa kumwambia muuzaji ukweli huu kabla ya picha ya kwanza kupigwa, maana wao ndio wanaosikia kila siku kwa nini wanunuzi wameghairi. Nyumba iliyotengenezwa hivyo itamlipa muuzaji thamani yake halali, na mnunuzi atakabidhiwa funguo akijua hasa alichonunua.