Bosi Mwenye Mto Tumboni

Katika maigizo ya shule zetu, mfanyabiashara mbinafsi hutambuliwa kwa mto. Kijana mwembamba wa kidato cha tatu amefunga mto wa kulalia tumboni, koti la mwalimu linamfika magotini, simu mbili mkononi na zote hazina laini. Anatembea kwa kutanua miguu. Anamfokea mhudumu, anamwita binti wa jirani kwa kidole, anahesabu noti zilizokatwa kwenye daftari la hesabu. Uwanja mzima unaangua kicheko. Mwishoni bosi anakamatwa au anafilisika, na mshereheshaji anatutangazia kwamba jamii imeelimika.

Haijaelimika hata kidogo.

Nimekaa kwenye mahafali ya kutosha, Tarime na Mugumu, kujua ni nani hucheka kuliko wote. Ni mgeni rasmi. Naye mara nyingi ni mfanyabiashara, mwenye maduka Sirari au malori barabarani, na amekalia sofa lililobebwa kutoka sebuleni kwa mtu asubuhi ile. Yeye yuko chini ya turubai, wazazi wako juani kwenye nyasi. Anacheka mpaka anatoa leso. Kwa nini asicheke? Yule wa jukwaani si yeye. Yeye hana mto, tumbo ni lake mwenyewe. Baadaye anaahidi mabati, na vigelegele anavyopigiwa ni vya watu walewale waliomzomea kijana wa mto nusu saa iliyopita.

Tumeaminishwa kwamba tukimchora tajiri mwenye tamaa akawa mbaya kupindukia, watazamaji watajirudi. Mimi naona kinyume chake: kadiri anavyochukiza, ndivyo kila mtu anavyokwenda nyumbani akijiona msafi. Watasema kicheko ni silaha ya mnyonge. Silaha gani hiyo inayomfurahisha anayepigwa?

Chukua tamthiliya ya Orodha ya Steve Reynolds, ambayo wanafunzi wengi wa sekondari wameisoma. Furaha amefariki kwa UKIMWI, ameacha barua yenye orodha, na wanaume kadhaa, padri akiwemo, wanaihofia, kila mmoja akidhani jina lake limo. Bwana Ecko, mfanyabiashara mwenye fedha zake, ni mmoja tu kati yao. Kumbe orodha yenyewe haina majina ya watu. Ina mambo ambayo yangemwokoa binti yule. Mwandishi ametunyima makusudi mtu wa kumnyooshea kidole. Darasani tunafanya nini? Tunachora jedwali la wahusika wanaofaa na wasiofaa kuigwa, tunamtupa Ecko upande wa pili, kengele inalia.

Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, hapahapa Mara, alilijua hili, kwamba ubaya si wa mtu mmoja. Tamthiliya ya Shakespeare aliyoitafsiri na kuichapisha mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kwa Kiingereza inamtaja mfanyabiashara mmoja tu kwenye jina lake. Yeye akaiita Mabepari wa Venisi. Wingi! Unaweza kusema siasa ilimshika mkono mfasiri, lakini isome tena. Shylock mkopeshaji anadai nyama ya mwili wa mdaiwa, ndiyo. Ila deni lile lilianza kwa Bassanio, kijana tunayempenda, aliyetaka fedha ili aonekane wa maana mbele ya binti tajiri.

Nasi tuna akina Bassanio wetu. Mzee wa Kikurya anayepelekewa habari ya mchumba haanzi kuuliza tabia; anauliza ng'ombe. Nyamongo, penye mgodi wa North Mara, kuna neno tegesha: kuinua kibanda au kupanda miti harakaharaka mahali panaposemekana patachukuliwa, ili fidia inenepe. (Sisemi kila aliyedai haki ya ardhi yake alitegesha, hilo ni jambo jingine, tena zito.) Neno lile halikubuniwa na wenye matumbo. Analijua mama muuza ndizi kama anavyolijua mwenye lori. Tamaa anayopewa bosi wa jukwaani peke yake, huku mitaani tunaigawana kwa vibaba.

Ombi langu kwa walimu wanaoandaa maigizo ya mwaka huu ni dogo. Mto uacheni bwenini. Wekeni sofa jukwaani, tupu, na igizo lianze kwa watu wanne wanaogombania nani alibebe na liangalie upande gani. Mmoja anafuta vumbi kwa kanga yake, mwingine anamfukuza mtoto aliyejaribu kukaa. Mzazi mmoja anakumbusha kwamba bosi hapendi jua. Bosi mwenyewe asitokee kabisa.

Siku hiyo nitamtazama mgeni rasmi. Nadhani atakuwa anaangalia saa.