Kwani Lazima Tuibiwe Kwanza?

Mimi nasomea ualimu, si kompyuta, lakini hili lazima niliseme. Jamani mnaotengeneza mifumo ya miradi, kufungua poti 3306 ya MySQL kwa dunia nzima ili tu uifikie ukiwa hosteli ni uzembe. Humo mna majina na alama za wanafunzi! Funga poti hiyo, bakiza ya SSH, kisha andika kwenye laptop yako:

ssh -L 3307:127.0.0.1:3306 jina@seva

Basi. Unganisha programu yako na poti 3307 ya laptop. Data itapita ndani ya handaki lililosimbwa. Tatu Ylönen aliitunga SSH mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki. Wao waliibiwa ndipo wakashtuka. Sisi tunangoja nini?